Haibridi ya familia changa Dodoma: nunua betri kwanza, gari baadaye

Mwaka jana mwezi wa kumi, joto la Dodoma likiwa limeshika kasi, Toyota Aqua yetu ilianza kuvuma nyuma kama mashine ya kukaushia nywele saluni. Tulikuwa tunarudi kutoka vijijini Kondoa, watoto wamelala. Mvumo ukazidi hadi Neema akaamka na kuuliza nani anasukwa usiku huu. Kesho yake fundi aling'oa kikalio cha kiti cha nyuma. Kwenye wavu wa tundu la hewa palikuwa pamenasa soksi ya mtoto, na alipotoa feni ya betri akaigonga sakafuni, vumbi likamwagika kama unga wa ulezi, pamoja na maganda ya karanga na kibanio cha nywele. "Mama Neema," akasema, "gari haliumwi. Mmeliziba pua."

Tulilipa ufundi wa kusafisha tu, tukapona. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba kwenye haibridi injini ni jambo la pili. La kwanza ni betri kubwa, ilivyotunzwa kabla hujaipata na itakavyopumua ukishaipata. Watu wengi hapa mjini sasa wananiuliza wanunue gani, hasa walioajiriwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wakaona mafuta yanavyomega mshahara. Nimeandika hatua tulizopitia mimi na Baba Neema, pamoja na zile tulizoruka tukajuta.

Kwa asiyejua: haibridi ina injini ya petroli na mota ya umeme. Huichomeki ukutani. Ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, mota inageuka kuwa jenereta na kuichaji betri, umeme ule ule unakusogeza ukiondoka kwenye mataa. Ukisimama, injini inazima yenyewe na kiyoyozi kinaendelea kupuliza, kwa sababu kompresa yake inaendeshwa kwa umeme wa betri kubwa. Kwa mwenye mtoto mchanga anayesubiri dukani saa nane mchana, hilo peke yake ni neema.

Hatua ya 1: Andika kilomita zenu kwa wiki mbili

Fanya hivi kabla hujafungua picha ya gari lolote mtandaoni. Kama tayari mna gari, andika namba ya odomita kila jioni. Kama hamna, pima njia zenu kwa ramani ya simu: nyumbani, shule, kazini, sokoni, kanisani au msikitini, kwa bibi.

Sisi tunakaa Miyuji. Asubuhi tunamshusha Neema shuleni, tunakwenda Mtumba, jioni tunarudi kupitia soko la Majengo. Siku ya kazi inakula kilomita 52. Ukijumlisha Jumamosi na Jumapili, na harusi ambazo Dodoma haziishi, mwezi unafika kama kilomita 1,500.

Sasa piga hesabu. Chukua petroli kwa shilingi 3,000 kwa lita ili iwe rahisi; bei halisi iangalie kwenye tangazo la EWURA linalotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, lina bei kikomo ya Dodoma kivyake. IST ya kawaida inayokupa kilomita 12 kwa lita itakunywa lita 125 kwa mwezi, yaani shilingi 375,000. Haibridi ndogo inayokupa kilomita 20 itakunywa lita 75, shilingi 225,000. Tofauti ni 150,000 kwa mwezi, au 1,800,000 kwa mwaka.

Lakini rafiki yangu wa Area C, kazini kwake anafika kwa miguu na gari linatoka wikiendi. Yeye ni kilomita 500 kwa mwezi. Kwa hesabu ile ile anaokoa kama 50,000 tu. Nilimwambia abaki na Vitz yake, na sijabadili mawazo. Betri ya haibridi inazeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, kwa hiyo asiyeendesha analipia uzee wa kitu asichokitumia.

Tahadhari kuhusu namba za kiwandani. Aqua ilipotoka Japani Desemba 2011 ilitangazwa kuwa inakwenda kilomita 35.4 kwa lita. Ni kweli, kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08, ambacho gari linapimwa likiwa juu ya mashine ndani ya jengo, bila mwanafamilia, bila matuta ya Ipagala, na bila kiyoyozi. Mimi napata kati ya 19 na 22. Dalali akikutajia 35, mwachie aendelee kuongea.

Na jambo ambalo wauzaji wa Dar hawatakwambia: haibridi inaokoa sana kwenye foleni, pale gari linaposimama na kuondoka kila mara. Dodoma haina foleni ya Ubungo. Barabara ya Morogoro kwenda Mtumba asubuhi inatembea vizuri, na gari likishika kilomita 80 kwa saa injini inafanya kazi karibu muda wote. Faida bado ipo, kwenye mataa, kwenye mizunguko, kwenye matuta na kwenye mitaa ya kona kona, ila usitegemee miujiza anayosimulia shemeji yako wa Kimara.

Hatua ya 2: Ondoa safari ya Dar kwenye hesabu

Familia nyingi zinanunua gari kubwa kwa ajili ya Krismasi moja. Kutoka hapa hadi Dar ni karibu kilomita 450, na treni ya SGR iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024 inawafikisha bila nyinyi kukesha mkiangalia malori ya Gairo. Chagua gari la siku 340 za mwaka. Zile zilizobaki, mtapanda treni au mtaazima.

Hatua ya 3: Jua haibridi ipi ni ipi

Neno moja linafunika magari yasiyofanana.

Mfumo wa Toyota, ulioanza na Prius Desemba 1997, ndio ninaoupendekeza kwa mtu wa Dodoma. Injini na mota mbili za umeme zimeunganishwa kwa seti ya meno inayogawa nguvu. Ndani hamna klachi ya kuungua, hamna mkanda wa gia boksi ya CVT. Kwenye Prius ya kizazi cha tatu na kwenye Aqua hamna hata mikanda mbele ya injini, hamna stata ya kawaida wala alteneta. Vitu ambavyo fundi wa mtaani amezoea kukubadilishia kila mwaka, humu havimo.

Nissan Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, ni kitu kingine. Injini yake ya 1.2 haisukumi tairi hata siku moja; kazi yake ni kuzalisha umeme, na mota ndiyo inayoendesha. Mjini ni tamu kweli. Kwenye safari ndefu ya mwendo wa juu faida yake inapungua, kwa hiyo anayekwenda Singida kila wiki afikirie mara mbili.

Honda Fit haibridi ya kizazi kilichotoka 2013 ina gia boksi ya klachi mbili. Inakwenda vizuri na ina nafasi nzuri ndani, lakini matoleo yake ya mwanzo yaliitwa kurekebishwa Japani mara kadhaa kwa sababu ya mfumo huo. Si gari baya. Ni gari linalotaka fundi anayelijua, na kabla hujanunua hakikisha unaye.

Halafu kuna haibridi nyepesi, kama baadhi ya Suzuki ndogo. Mota yake inasaidia kidogo wakati wa kuondoka, basi. Zinatumia mafuta kidogo kwa sababu ni ndogo na nyepesi. Usilipe bei ya haibridi kamili kwa sababu tu ya maandishi ya nyuma.

Hatua ya 4: Nenda yadi na kiti cha mtoto na ndoo mbili

Sisemi kwa mzaha. Beba kiti cha mtoto mnachokitumia, au kiazime, na ndoo mbili za lita 20. Funga kiti, kisha Baba akae mbele yake kwa nafasi yake ya kawaida ya kuendesha. Kwenye Aqua mume wangu, ambaye ni mrefu, magoti yaligusa stelingi kiti cha mtoto anayetazama nyuma kilipowekwa nyuma yake. Tukakihamishia nyuma ya kiti cha abiria. Ingiza vidole kati ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vigumu, hizo ni nanga za ISOFIX, na kiti cha mtoto chenye vishikio vyake kitashika bila kutegemea mkanda. Mtoto anayetazama nyuma usimweke kiti cha mbele chenye puto la hewa.

Kisha angalia kama kati ya viti viwili vya watoto anaweza kukaa dada wa kazi au bibi. Kwenye Aqua haiwezekani bila ugomvi. Ndoo mbili ziingie kwenye buti pamoja na begi la shule na kapu la sokoni. Maji yakikatika Dodoma hakuna anayekuuliza gari lako lina muundo gani.

Hatua ya 5: Chagua kati ya machache

Mtoto mmoja, au wawili wasiohitaji dada wa kazi garini: Aqua. Injini ya 1.5, spea zake nyingi, mafundi wanaijua. Ubaya wake ni chini. Aqua ya kawaida ina sentimita 14 tu kati ya tumbo na ardhi, na kuna barabara za Nkuhungu na Swaswa ambazo mvua za Januari zikipita zinakuwa makorongo. Kuna toleo lililonyanyuliwa, linaitwa Crossover, lenye sentimita 17, ukilipata, lichukue. Watu wanaweka spesa kwenye springi kunyanyua. Sisi tuliweka za sentimita 2 na hatujajuta, ila ukizidisha unaharibu mwelekeo wa tairi, zinalika upande mmoja.

Watoto wawili na dada, na mizigo: Corolla Fielder haibridi, ya kuanzia Agosti 2013. Ni Fielder ile ile mnayoijua, yenye injini na mfumo wa Aqua. Betri imelala chini ya kiti cha nyuma kwa hiyo buti halijaguswa. Kwangu mimi hili ndilo gari la familia ya Dodoma, na ningekuwa naanza upya leo ningeanzia hapo. Wanaume wengine wanaliona la kizee. Shauri yao.

Watatu na kuendelea: Sienta haibridi ya kuanzia 2015, siti saba na milango ya kuteleza. Mlango wa kuteleza ni msaada mkubwa ukiwa umeegesha kubanana na bajaji sokoni na mtoto anafungua bila kuangalia. Kuna pia Prius Alpha. Ya siti tano ina betri ya nikeli; ya siti saba ina betri ya lithiamu iliyowekwa kati ya viti vya mbele. Uliza ni ipi kabla hujauliza bei ya betri, maana si kitu kimoja.

Prius ya kizazi cha tatu, ya 2009 hadi 2015, ni pana na tulivu, na inauzwa bei ya kuvutia. Iangalie kwa jicho kali. Injini yake ya 1.8 ina tabia ya kuziba njia ya moshi unaorudishwa ndani ya injini, joto linapanda, na gasketi ya silinda hedi inaondoka. Nitaeleza hapo chini namna ya kuisikia.

Harrier haibridi ya 2.5 sitaizungumzia. Ni nzuri, lakini familia changa inayohesabu lita haina kazi nayo.

Hatua ya 6: Umri, karatasi na kodi

Ukiagiza Japani, kodi itakushangaza kuliko bei ya gari. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18, halafu ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5, juu ya hapo 10. Gari likipita miaka 8 tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likipita 10 unazidi. Usikadirie kichwani. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA, weka modeli, mwaka na injini, upate namba kamili kabla hujatuma hata dola moja.

Hapo kuna mtego. Gari kuukuu ni rahisi Japani, lakini uchakavu unaongeza kodi, na betri nayo ina umri ule ule. Odomita ya kilomita 60,000 kwenye gari la miaka 13 isikufurahishe sana. Betri imekaa miaka 13 vile vile. Mimi ningechukua la miaka 8 lenye kilomita 110,000 lililotembea kila siku kuliko la miaka 13 lililolala.

Omba karatasi ya mnada ya Japani. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inakubalika, R maana yake liliwahi kugongwa likarekebishwa. Kwenye mchoro wa gari herufi A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi.

Ukinunua hapa hapa kwa mtu, namba ya usajili kuwa D au E si kitu. Cha muhimu ni kadi ya gari kuwa na jina la anayekuuzia, na umiliki ubadilishwe TRA kabla hajapotea.

Hatua ya 7: Pima betri

Hapa usione aibu wala haraka. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari asubuhi hiyo. Unataka kulikuta la baridi. Shika boneti kwa kiganja. Likiwa la moto na ni saa mbili asubuhi, kuna kitu anaficha.

Kaa ndani, kanyaga breki, bonyeza kitufe. Neno READY liwake. Taa zote za hatari zizime, hasa pembetatu nyekundu na taa ya injini. Kama ni Prius ya kizazi cha tatu, sikiliza injini inapoamka mara ya kwanza: ikitetemeka sekunde chache kama mgonjwa wa malaria kisha ikatulia, maji yanaingia kwenye silinda usiku. Shukuru, ondoka.

Kisha fanya jaribio ambalo halina gharama. Washa kiyoyozi, acha gari kwenye P, kaa dakika 20. Piga stori. Betri nzima itaendesha kiyoyozi dakika kadhaa kabla injini haijawaka, injini itachaji kwa muda mfupi, itazima, mzunguko unajirudia. Betri iliyochoka inawasha injini kila baada ya dakika moja au mbili. Angalia mistari ya chaji kwenye skrini: ikipanda haraka hadi juu na kuanguka haraka hadi chini, ndoo imekuwa kikombe. Sikiliza nyuma pia. Feni ikivuma kwa nguvu gari likiwa limesimama kivulini, ama pua imeziba ama betri inachemka.

Halafu skana. Kifaa cha OBD cha blututhi, kinachosoma kompyuta ya gari, ni rahisi, na kwa Toyota kuna programu ya simu inayoitwa Dr. Prius inayosoma betri fungu kwa fungu. Usiangalie jumla, angalia tofauti. Mafungu yote yanapaswa kupanda na kushuka pamoja kama wanakwaya. Kukiwa na moja linalobaki chini kila unapokanyaga mafuta, hilo linakufa. Msimbo wa kuogopa ni P0A80, gari linasema lenyewe kwamba betri ibadilishwe. Wapo wanaoufuta asubuhi kabla hujafika, ndiyo maana skana inatumika mara mbili, mwanzo na mwisho wa safari ya nusu saa.

Uliza swali hili moja kwa moja: "Betri hii imewahi kufunguliwa?" Mafundi wengine wanabadilisha seli moja mbovu na kuacha nzee 19. Gari linatembea, muuzaji anauza, na baada ya miezi sita seli ya jirani inafuata. Betri iliyobadilishwa yote ikiwa na risiti inaongeza thamani. Iliyoshonwa viraka inapunguza.

Mwisho, piga simu uulize bei ya betri nzima ya modeli hiyo, mpya na iliyotumika, Dar na hapa. Iandike. Kama tuseme ni milioni 2.5, basi kwa akiba yetu ya 150,000 kwa mwezi inarudi kwa miezi 17 hivi. Kiasi hicho kitoe kwenye bei unayojadiliana kama gari ni la zamani. Sisi hatukufanya hivyo, tulijadili redio.

Hatua ya 8: Liendeshe njia zako, si zake

Muuzaji atakupeleka lami laini. Wewe mwombe mpande kilima cha UDOM na kurudi. Kupanda, injini isikoroge wala taa zisiwake. Kuteremka, mistari ya chaji ipande taratibu. Pita barabara ya vumbi yenye matuta, kiyoyozi kimezimwa, vioo viko wazi, usikilize chini.

Breki za haibridi zina pampu ya umeme. Ukifungua mlango au ukikanyaga utasikia mlio mfupi, ni kawaida. Ukisimama bila kukanyaga kitu na pampu inalia kila baada ya sekunde chache, presha inavuja, na kifaa hicho ni cha gharama kubwa. Hili watu wengi hawalijui kwa sababu wanaogopa betri tu.

Chini ya boneti kuna matangi mawili ya kulanti, moja la injini, jingine la inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Yote yawe na kiwango, rangi ya waridi. Maji ya bomba kwenye tangi la inveta ni sababu tosha ya kubishania bei.

Hatua ya 9: Tafuta fundi kabla ya kulipa

Mwulize anatumia oili gani. Aqua na Prius zinataka 0W-20, nyepesi. Akikwambia kwa joto la Dodoma anaweka 20W-50 ili "injini ishike", mshukuru na uende kwa mwingine. Mwulize pia kama ana glavu za umeme. Betri ya Aqua ina volti 144, na inveta inaupandisha umeme huo hadi 520. Ukutani kwako ni 230. Nyaya nene za rangi ya chungwa haziguswi na mtu anayebahatisha. Kwa abiria hakuna hatari, zimefungwa chini na gari linakata umeme likigongwa, lakini fundi wa kubahatisha anaweza kufa.

Bima: kama gari ni la mkopo au ndilo akiba yenu yote, chukua bima kubwa, na uliza kwa maandishi kama betri ya haibridi imo.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Tafuta pua. Kwenye Aqua ni wavu mdogo chini kwenye kiti cha nyuma, kwenye Prius uko pembeni mwa mgongo wa kiti. Betri inavuta hewa ya ndani ya gari, ile ile mnayopumua, kwa hiyo vumbi mnaloingiza ndilo inalokula. Kipindi cha upepo, kuanzia Juni hadi Oktoba, pandisha vioo kwenye barabara ya vumbi, weka kiyoyozi kwenye kuzungusha hewa ya ndani. Kila mwezi pitisha brashi kavu au mashine ya kunyonya vumbi kwenye wavu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya joto la Oktoba, fundi afungue feni yenyewe aisafishe. Khanga, mashuka, na yale mabegi ya nguo za mtoto visiegemezwe pale.

Kwenye Aqua, betri ndogo ya volti 12 nayo ipo nyuma, haipo chini ya boneti. Ikifa, gari zima linakuwa jiwe ingawa betri kubwa ni nzima, na watu wameuziwa betri kubwa kwa kosa hilo. Gari likigoma kuonyesha READY, anza na ndogo. Jirani akikuomba umwashie gari lake kwa waya, mkatalie kwa upole. Inveta yako ni ghali kuliko urafiki wa asubuhi moja.

Vijana wa kuosha magari waambie kabla hawajaanza: injini isipigwe maji ya presha. Wanapenda sana kuing'arisha, na wanakasirika kidogo ukiwakataza.

Kwetu sasa Neema ndiye mkaguzi. Jumamosi asubuhi anashika tochi ya simu, anainama nyuma ya kiti cha mdogo wake, na kunisomea alichokuta. Wiki iliyopita ilikuwa punje ya bisi, na nusu ya kalamu ya rangi.